Pawlina wa Nadur, Aliyebaki Gurmal

Alizaliwa Nadur, kisiwani Gozo, mwezi wa Februari mwaka 1948, mtoto wa kwanza wa Leli Zerafa, mchonga mawe, na mkewe Ġuża, mfumaji wa lesi. Alibatizwa upesi kwa kuwa alikuwa mdogo na dhaifu na mkunga hakumpa matumaini. Akapewa jina la Mtume Paulo ambaye, kama tujuavyo sote visiwani hapa, alikuja kwetu baada ya kuvunjikiwa merikebu, akapokelewa na watu wasiomjua waliomwashia moto. Baba aliangukiwa na jiwe machimboni Pawlina akiwa msichana mdogo, na tangu hapo nyumba ilisimama juu ya mikono ya mama. Ġuża alimfundisha bintiye kazi yake: kukaa mlangoni na mto mgumu mapajani, vijiti vya kufumia vikigongana, uzi ukipita juu na chini kutwa nzima mpaka ua moja dogo litokee. Hakuwa mtoto mwepesi. Mdogo wake Salvu, aliyejaliwa mdomo kuliko subira, alizoea kusema mbele ya wageni, "Ukimtuma Pawlina chumvi leo, mchuzi utaula Pasaka." Watu walicheka, na Pawlina alicheka nao, maana ilikuwa kweli. Akikutana na mtu njiani alisimama, akamsikiliza mpaka mwisho, na chumvi ikasubiri.

Wito ulimjia akiwa na miaka kumi na tisa, katika mafungo ya Kwaresima, alipomsikia padre mmoja mzee aliyerudi kutoka misioni akisema kwamba kule alikokuwa, watu walikufa bila mtu wa kuwashika mkono. Pawlina alitoka kanisani akiwa ameamua. Masista wamisionari walikuwa tayari kumpokea mwezi wa Septemba, na mwezi wa Agosti mama yake akapigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukafa. Hakuna aliyemwambia abaki. Alilifungua sanduku lake mwenyewe, akazirudisha nguo kabatini, akakaa. Alikaa hivyo miaka ishirini na saba, akimgeuza mama kitandani, akimlisha, akimwogesha, na katikati ya hayo akifuma lesi ili nyumba ipate kula. Kila Jumapili ya Misioni aliweka sadaka yake kwenye kikapu, na majirani wawili wameniambia kwa nyakati tofauti kwamba alikuwa akilia anapoiweka. Watu hudhani watakatifu hawaoni uchungu wa kukosa walichokitaka. Huyu aliuona, na hakuuficha vizuri.

Mwaka 1994 parokia ilituma kundi la waumini kwenye milima ya kaskazini mwa Albania, wiki tatu za kiangazi. Kwa muda mrefu serikali ya kule ilikuwa imefanya sala kuwa kosa la jinai, na sasa, ingawa minyororo ilikuwa imekatika, hapakuwa na mapadre wa kutosha hata kuzika. Pawlina alikuwa na miaka arobaini na sita. Salvu, ambaye wakati huo alikuwa ameoa na ana shamba lake la nyanya, ndiye aliyemsukuma. "Nenda bwana, dada. Wiki tatu si miaka mitatu. Mimi na mke wangu tutamtazama mama. Au unadhani hatujui kukoroga uji?" Mama, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito lakini akili haikuguswa, alimshika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima. "Nenda, mwanangu," alisema. "Lakini urudi unifumbe macho." Pawlina aliahidi.

Gurmal ni kijiji cha nyumba za mawe zilizotapakaa ubavuni mwa mlima, kila nyumba na ng'ombe wake na mzabibu wake. Kiongozi wa kundi, Padre Wistin, alikuwa mtu mwema na mchapakazi ambaye hakupenda kuona mkono umelala. Chini yake wamisionari walilipaka rangi kanisa lililokuwa limegeuzwa ghala la mahindi, waliwafundisha watoto nyimbo, waligawa nguo na viatu. Walikuwa na sheria moja waliyoiona kuwa ya huruma: wasile wala kunywa chochote cha maskini wale. Walikuja na samaki wa makopo na biskuti zao, na kila walipokaribishwa kahawa walishika kifua wakasema hapana, asante, msijisumbue. Hawakujua walichokuwa wanafanya. Kule mtu anaweza kukosa unga wiki nzima, lakini punje za kahawa za mgeni zimefichwa mahali, na anayezikataa amekataa nyumba. Baada ya siku chache wanawake wa kisimani walikuwa wakisema, "Viatu vyao tuvae, kikombe chetu wanakiogopa. Sijui tuna ukoma?"

Pawlina alishindwa kazi ya rangi kwa sababu alipata kizunguzungu kwenye ngazi, basi akatumwa kuwatembelea vikongwe, kazi ambayo kundi liliihesabu kuwa ya mapumziko. Aliingia, akakaa, akapewa kahawa, akanywa. Alikuwa amekaa maisha yake yote. Kazi hiyo aliijua. Jioni Padre Wistin alimtania, "Umekunywa vingapi leo, Pawlina? Utaanza kurukaruka kama mbuzi." Naye alijibu, "Padre, leo wamenisimulia vifo tu. Nimeshindwa kuondoka."

Mkalimani wake alikuwa Lena, msichana wa miaka ishirini aliyejifunza Kiitaliano kwa kutazama televisheni ya ng'ambo, na Pawlina Kiitaliano alikijua tangu shule. Jambo moja lilimshangaza. Lena hakuingia nyumba yoyote. Alisimama kizingitini, akatafsiri kutokea hapo, na hakuna mwenye nyumba aliyemwambia pita. Pawlina alipomuuliza, msichana alimjibu pasipo kuzunguka, "Baba yangu alitaja jina la mtu." Miaka ya marufuku, Pashk, baba yake, alikuwa msimamizi wa shamba la ushirika. Alipeleka habari kwa wakubwa kwamba Dom Mëhill, padre aliyekuwa akifanyishwa kazi ya kuchunga, amembatiza mtoto mchanga ndani ya zizi. Walikuja wakamchukua Dom Mëhill na hakurudi, wala kaburi lake halikujulikana. Kaka wa padre huyo, mzee Ndoc, alikuwa hai, na ndiye aliyefuatwa na wanaume wote wa Gurmal kwa kila neno. Tangu serikali ile ianguke, hapakuwa na mtu aliyeingia nyumba ya Pashk. Hawakumpiga, hawakumtukana. Walimpita tu. Na msichana huyu, ambaye alizaliwa mambo yakiwa yameshatendeka, hapakuwa na kijana ambaye angethubutu kuja kumposa.

Wiki ya tatu Pashk alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Padre Wistin alimzika kwa haki, na waliobeba jeneza walikuwa binamu kutoka bonde jingine, ambao waliondoka kabla udongo haujakauka. Lakini kule kuzikwa ni nusu tu ya kufa. Baada ya mazishi mlango huachwa wazi, viti hupangwa ukutani, wanaume huja kukaa matanga na kunywa kahawa isiyotiwa sukari, maana yenye sukari ni ya mgeni na ya furaha. Maiti asiyenywewa kahawa hiyo amekufa kama mbwa, na waliobaki nyuma yake hawahesabiwi tena na watu. Drane, mjane wa Pashk, alipanga viti. Alichemsha kahawa asubuhi, akaimwaga jioni. Wazee walikuwa wamemwomba Padre Wistin kwamba wageni nao wasiende, na yeye alikubali kwa ajili ya amani. "Tusiwakwaze watu kwa ajili ya siku mbili zilizobaki," aliwaambia wenzake, na kusema kweli ni neno ambalo wengi wetu tungelisema.

Pawlina alichukua begi lake, akaenda nyumba ya Drane, akaomba kulala. Mjane alimtazama. "Unajua hii ni nyumba ya nani?" alimuuliza kupitia Lena. Pawlina alijibu kwamba anajua, na kwamba amechoka kusimama. Kwa nje lilionekana jambo la huruma tu, lakini mwanamke huyu aliyekuwa mzito wa kila kitu alikuwa ameelewa kitu ambacho wenzake wepesi hawakukiona. Alikuwa amesikia kwa vikongwe kwamba mgeni akilala katika nyumba mojawapo ni mgeni wa kijiji chote, na kwamba mgeni aliyetoka ng'ambo asiposalimiwa, aibu si ya mwenye nyumba bali ya Gurmal nzima. Alikwenda kukaa hapo mpaka aibu iwazidi. Alijua pia kwamba hawatakuja mpaka Ndoc aje.

Ndoc hakuja siku ya kwanza, wala ya pili. Asubuhi ya kuondoka Padre Wistin alipanda mwenyewe mpaka kwa Drane, jasho likimtoka, na habari aliyopewa kwa simu posta ya mjini. Mazungumzo yao ameyashuhudia kwangu padre mwenyewe, bila kujipendelea.

"Mdogo wako amepiga. Mama yako ana hali mbaya. Njoo, gari linasubiri."

Pawlina alikaa kwenye kiti. "Amesema ana siku ngapi?"

"Nani anajua siku? Pawlina, ni mama yako! Umemlea maisha yako yote, leo utamwacha kwa ajili ya mtu aliyeuza padre?"

"Ningemwacha kwa ajili ya huyu aliyekufa, Padre, ingekuwa dhambi," alisema. "Kuna hawa wawili. Nikiondoka leo wazee watasema, mmeona, hata mgeni wao hakustahimili. Mlango huu hautafunguliwa tena."

"Na mama?"

"Mama ana watu," alisema, akaanza kulia. "Nyumba yetu imejaa watu. Hawa hawana mtu."

Drane aliposikia tafsiri alimshika mabega akamwambia aende, akamsukuma hasa kuelekea mlangoni, akisema kwamba yeye amezoea, kwamba Mungu hapendi mtoto amwache mzazi. Pawlina hakuondoka. Gari liliteremka mlima na kundi zima na nyimbo zao. Mchana ule, Lena anakumbuka, Pawlina alikaa akitazama mikono yake, haoni, hasikii, na aliposema neno alisema kwa Kimalta, ambacho Lena hakukijua. Mimi ninayeandika nimekuwa padre muda mrefu na sijui kama angefanya vema kubaki au kwenda. Najua tu kwamba hakubaki kwa wepesi.

Siku iliyofuata, Jumapili, baada ya Rozari, mzee Ndoc alikuja. Alivaa koti jeusi na kofia nyeupe ya sufu, na nyuma yake wanaume walisimama uani wakingoja waone atakavyofanya. Aliingia, hakumtazama mjane, akampa mgeni mkono.

"Karibu Gurmal," alisema. "Umelala salama? Nimekuja kukusalimu wewe."

Lena alitafsiri, safari hii akiwa ndani. Drane alileta vikombe. Ndoc alionja, akakishusha.

"Drane, umesahau sukari."

"Sijasahau, mzee."

"Nimekuja kwa mgeni mimi."

"Najua. Na mimi nina maiti."

Mzee alikisukuma kikombe mbele kwa kidole. "Ndugu yangu alichukuliwa akiwa na soksi moja," alisema, na sasa alimtazama Pawlina. "Waliweka mtu mlangoni kwetu asikilize kama mama analia. Mama alikuwa anauma blanketi. Kahawa hatukupika. Kaburi hatulijui. Leo ninywe ya huyu?" Lena aliyatafsiri yote, neno kwa neno, kwa sauti iliyokatika, maana aliyekuwa akisemwa ni baba yake.

Pawlina alisema maneno ambayo watu wa Gurmal wanayajua kwa moyo mpaka leo: "Basi tunywe na ya kwake. Hapa hapa."

Drane aliinama. "Nitaipika, mzee," alisema. "Ya Dom Mëhill. Ukiniruhusu."

Ndoc alivua kofia, akaiweka gotini, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, kilio kilichokuwa kimekatazwa tangu siku ile ya mtu mlangoni. Hakuna aliyemnyamazisha. Drane alipika, akaleta kikombe cha pili, akakiweka kando ya kile cha kwanza. Mzee alikunywa kwanza cha ndugu yake. Akakaa muda mrefu mkono wake ukiwa juu ya kile kingine, kahawa ikapoa, kisha akainua akanywa mpaka mashapo. "Mungu awape subira," alimwambia mjane na binti yake. Ndipo wanaume wa uani walipovua kofia zao wakaingia, na viti havikutosha.

Alasiri ileile Ndoc alimtafutia Pawlina lori la mpwa wake. "Umetukalia vya kutosha, mwanangu," alimwambia. "Nenda kwa mama." Kutoka posta ya mji wa Shkodra, kesho yake, Pawlina alipiga simu nyumbani. Salvu aliipokea. "Usikimbie tena," alisema. "Tumeshamzika."

Mama Ġuża alikufa mchana, chumba kimejaa majirani, akimwita Pawlina mpaka sauti ilipokwisha. Alifumbwa macho na mke wa Salvu. Pawlina alifika akiwa na begi lilelile, akaingia chumbani, akakikuta kitanda kimeshakunjwa godoro. Salvu alisimama mlangoni asimsogelee. "Ulitaka misioni, umeipata," alimwambia. "Sasa kaa na misioni yako." Hakusema naye tena kwa miaka. Na Nadur, ambako watu waliwahi kumtaja kuwa mfano wa binti mwema, walimgeuka. Wanawake aliokuwa akifuma nao walihamisha viti vyao. Mtu mmoja alimwambia dukani, watu wakisikia, "Ni wewe uliyekwenda kuhurumia wasaliti, mamako akifa?" Pawlina alijibu, "Ndiyo, ni mimi," akalipa mkate, akatoka. Hakujitetea wala hakuwahi kusimulia habari za Ndoc na Drane kwa mtu yeyote hapa. Sisi tumezijua kwa Padre Wistin, na kwa kwenda kule wenyewe. Alikuwa akienda makaburini kila siku baada ya Misa. Jirani mmoja aliwahi kumsikia akisema pale, "Mama, niliahidi," basi, hakuongeza kitu.

Misioni hakwenda tena. Lakini vijana wa parokia walipokuwa wakijiandaa kwa safari, Padre Wistin, ambaye safari ile ilikuwa imembadilisha, alimwita awaambie neno. Alikuwa msemaji mbaya. Aliwaambia wasibebe makopo. Aliwaambia wakipewa wapokee, wakikaribishwa wakae, wasiwe na haraka ya kuwa na faida. Kijana mmoja alimuuliza ni nini cha muhimu zaidi mtu kukifanya akiwa na wiki tatu tu, naye alifikiri sana mpaka wakaanza kucheka, kisha akasema, "Tafuta nyumba ambayo haiendwi. Na ujue itakugharimu, usije ukamlaumu Mungu."

Alifariki mwezi wa Novemba mwaka 2009 kwa ugonjwa wa moyo, baada ya kupokea sakramenti, akiwa na mto wa lesi kando ya kitanda na kazi iliyofika nusu. Kanisa halijasema neno juu yake na mimi sitangulii mbele ya Kanisa. Nasema tu yaliyoonekana. Huko Gurmal, tangu Jumapili ile, hakuna nyumba iliyoachwa na maiti wake peke yake, awe amekufaje au ametenda nini. Lena aliolewa, na kwa kuwa hakuwa na baba wa kumtoa nyumbani, alitolewa na mzee Ndoc, amemshika mkono, uso mkavu kama jiwe. Wanawake wenye watoto waliokosana humwomba Pawlina, na wapo wawili walioniapia kwamba ndugu waliokuwa hawasalimiani walikutana mlangoni pao siku moja bila mtu kuwaita.

Basi ninyi mnaofunga mabegi yenu kwa ajili ya nchi za watu, mtazameni huyu. Hakuacha jengo, wala hakuna picha yake hata moja ya safari ile. Alitoa kitu alichokipenda kuliko vyote, hakurudishiwa, na waliofaidika walikuwa watu ambao hangewaona tena. Tukimwiga katika hilo, wiki tatu zatosha.

Nilimwendea Salvu mwisho kabisa, kwa kuwa nilimwogopa. Ni mzee sasa, mjane, shamba limebaki majani. Alinitaka nimsomee yote niliyoandika. "Andika na hili, Padre," alisema. "Mimi sijamsamehe. Sikumsamehe akiwa hai, na bado. Mama alimwita, nilikuwepo mimi." Nilimwambia nitaandika. Nikasimama kuaga, akaniambia nikae kwanza. Akasema kwamba mkewe alipolazwa hospitali kisiwa kikubwa, Pawlina akiwa ameshazikwa, ilikuwa siku ya dhoruba, vivuko vimezuiwa, naye alisimama gatini tangu asubuhi akijua kwamba mke wake anakufa upande wa pili na hana mtu.

"Ukafanyaje?" nilimuuliza.

"Nilimwita yeye," alisema Salvu. "Nilimwambia, Pawlina, nenda ukakae naye. Wewe kukaa unajua."